Mkalimani wa Matusi

Kiingereza nilichotoka nacho shule kilikuwa kimenyooshwa kwa pasi. Mwalimu wetu pale Nyalikungu hakuvumilia sentensi iliyokunjamana; ukikosea kitenzi alifumba macho kana kwamba umemkanyaga kidole. Mimi sikumkanyaga mara nyingi, na ndiyo sababu sifa zikasambaa katika ukoo kwamba binti wa dada yao anakijua kimombo kama aliyezaliwa nacho. Sifa za ukoo ni mzigo. Unatwishwa bila kuulizwa, halafu watu wanasimama kando kuangalia kama utaanguka.

Hiyo ilikuwa miaka ile baada ya ruksa, ushirika ulipoishiwa pumzi na watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba. Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, ilijaa malori ya rangi tusizozizoea na wageni wenye miwani ya jua wakiulizia njia za vijijini. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kilipofungwa alirudi kijijini Kimali kuchunga ng'ombe wa mdogo wake. Kwa mtu aliyezoea kuamrisha mashine, kuamrishwa na mdogo wako ni kitu kinachomla mtu taratibu. Kwa hiyo kampuni moja ya kigeni ilipojenga kiwanda kipya nje kidogo ya mji na kumwandika kuwa mkuu wa zamu, mjomba alirudia ujana. Alianza hata kunyoa.

Kasoro ilikuwa moja. Fundi mkuu aliyeletwa na kampuni alikuwa Mwingereza asiyejua Kiswahili, na mjomba hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Mwanzoni walielewana kwa vidole. Halafu ofisi ikasema mkuu wa zamu lazima aelewane na fundi, la sivyo atafutwe mwingine, na mjomba, sijui kwa hofu au kwa majivuno, akajibu kwamba anaye mpwa.

Alikuja mwenyewe Nyalikungu kuniomba kwa mama. Mama alikubali kabla hajamaliza kueleza. Tulipokuwa tukisubiri gari la kwenda Bariadi, mjomba aliniita "mayu", kama wazee wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kike wakimpenda, akaniambia, "Ukishindwa wewe, mayu, nimeshindwa mimi." Hakusema kwa kunitisha. Lakini gari lilipokuja nilipanda nikikariri vitenzi, na sikuacha mpaka Bariadi.

Fundi mkuu alikuwa mtu mnene wa makamo, mwenye kaptula na miguu myeupe isiyojua aibu. Asubuhi ya kwanza alipita mbele yangu akasema, "All right?" Nikasimama wima. Kwetu salamu si kitu cha kupita nacho. Mtu akikuamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", unasimama, unajibu, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na kila moja unaijibu "mhola", salama, ndipo mnaingia kwenye lililowakutanisha. Basi nikamjibu fundi kwamba niko salama, namshukuru, mama yangu pia ni mzima, na nikamuuliza habari za familia yake. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika upande wa pili wa jengo, anapiga bomba kwa nyundo. Wafanyakazi walikuwa wananiangalia. Mjomba pia alikuwa ananiangalia, na nilimwona akijaribu kutabasamu.

Siku hiyohiyo nilijua kwamba nimekuja kufanya kazi katika lugha nisiyofundishwa. Mkanda wa mashine ulipokatika, fundi alisema ni "knackered". Nililibeba neno hilo kichwani mpaka jioni, nikalitafuta katika kamusi yangu ya shule, halikuwemo. Kesho yake alisema yeye mwenyewe ni "knackered", akajitupa kwenye kiti. Mkanda uliokatika na mtu aliyechoka wanakutana wapi? Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa kunusa kama mbwa. "Dodgy" ilikuwa waya, baadaye ikawa nyama ya mgahawani, baadaye ikawa mnunuzi mmoja aliyekuja na shati zuri sana. Nikaona vyote hivyo ni vitu visivyofaa kuaminiwa. "Ta" ilikuwa asante. "Cheers" nayo ilikuwa asante, na siku nyingine kwaheri, na sikuiona hata mara moja ikiwa na glasi mkononi kama kitabu kilivyodai. Na huyo "mate" aliyemtaja kila saa nilimtafuta kiwanda kizima kabla sijaelewa kwamba ni sisi sote.

Nilipopata siku ya kwenda nyumbani nilimpitia mwalimu wangu nikamwekea maneno hayo mezani. Alifumba macho. Alisema hayapo, na kwamba huyo Mwingereza pengine hakusoma. Nilirudi Bariadi bila msaada, tena na wasiwasi mpya: kwamba nilikesha miaka yote ile nikijifunza lugha ambayo wenyewe hawaisemi.

Kuchekwa hakukunitisha sana. Kilichonitisha ni misumeno. Mashine ya kuchambua pamba ina misumeno ya duara inayozunguka ndani, inang'oa nyuzi kwenye mbegu, na pamba ikikwama kuna wakati mtu anaingiza mkono. Mjomba aliingiza mkono wake kwa kutegemea neno nililompa mimi. Kama fundi amesema imezimwa, au amesema iko karibu kuzimwa, au amesema jambo jingine kabisa kwa maneno yake ya mtaani, tofauti yake ni vidole vya mzee. Kwa hiyo kwenye mambo ya mashine nilikuwa king'ang'anizi. Nilimuuliza fundi tena na tena, "Pardon, sir?", mpaka akakunja uso na kuanza kuonyesha kwa mikono. Usiku niliota misumeno. Nilipoamka nilianza kuhesabu vidole vyangu mwenyewe kabla ya kunawa uso, jambo ambalo mke wa mjomba, niliyekuwa naishi kwake, alilitazama kwa huruma.

Kwenye mambo mengine nilikisia, na huko nako kulikuwa na hatari zake. Jumapili moja zamu ya mjomba ilishinda kiwandani ikifunga mkanda mkubwa, bila chakula, wakiwa wameamua wenyewe kwamba Jumatatu fundi akute kazi imekwisha. Fundi alikuja, akainama, akaugonga mkanda kwa kidole gumba, akasema, "Not bad, that." Wote wakanigeukia. Nikawaambia anasema si mbaya. Nyuso zikaanguka. Kwetu kazi uliyoimwagia jasho ikiitwa si mbaya, ujue imekataliwa kwa adabu. Jioni ile mjomba hakugusa ugali, na mkewe akaniuliza nimemlisha nini mumewe huko kazini.

Haikupita muda nikamsikia fundi akiongea kwenye simu ya ofisi na mabosi wake wa mjini, akiwaambia kwamba mzee wake ni "not bad at all", kwa sauti ya mtu anayejivunia ng'ombe wake. Nilitoka mbio kumweleza mjomba kwamba kwa watu hawa si mbaya maana yake ni nzuri mno. Mjomba akaniuliza, sasa ile nzuri yenyewe wanaiitaje? Mpaka leo sina uhakika na jibu.

Lakini lililoninyima raha kuliko yote ni namna fundi alivyomwita mjomba. Kadiri alivyomzoea ndivyo alivyozidi. Ilianza kwa "mate", ikaja "old man", halafu ikawa "you daft old sod", kila asubuhi, mbele ya watu, kwa sauti ya kushinda mashine. Mpumbavu nililijua. Mzee nililijua. Hilo la tatu nililiogopa bila kulijua. Kilichonichanganya ni kwamba aliyasema akicheka, mkono begani kwa mjomba, na mara nyingi akimgawia sigara. Mjomba aliponiuliza amesema nini, nilimjibu kwamba anamsalimia kwa heshima ya umri wake. Zamu nzima ilifurahi kwa tafsiri zangu. Kijijini Kimali habari zikafika kwamba mzungu anamheshimu mzee mpaka anamwita kwa cheo cha Kiingereza. Nilipozisikia habari hizo, nililitafuta lile neno la tatu katika kamusi, nalo halikuwemo.

Aliyenivua nguo ni dereva wa lori la marobota ya pamba. Alikuwa amewahi kuwaendesha wazungu wa migodini, na kimombo chake kilikuwa cha barabarani, kile hasa ambacho mimi sikuwa nacho. Siku moja akisubiri kupakia alimsikia fundi akimwita mjomba kama kawaida, kisha akaona vijana wanatabasamu. Akawauliza wanafurahia nini, mzee wao akitukanwa. Akawatafsiria neno moja baada ya jingine. La tatu alilifanya tusi la nguoni, labda zito kuliko lilivyo, lakini nani angembishia?

Nakumbuka jinsi kelele zilivyokatika. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeizima mashine. Ilikuwa katikati ya msimu, pamba imelundikwa nje chini ya maturubai mpaka usawa wa paa, na upande wa Nassa, ziwani, wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. Pamba hiyo ikinyeshewa ingekuwa fifi, ile ya daraja la chini, na kila mtu pale alilijua hilo. Hakuna aliyesogea. Fundi alikuwa ofisini kwenye simu. Mjomba alinijia taratibu akijipangusa nyuzi za pamba kwenye nyusi.

"Mayu, dereva amesema kweli?"

Nikisema kweli, mjomba hana namna ya kubaki. Mzee hatukanwi mbele ya vijana anaowaongoza kisha akarudi kushika mashine. Angevua ovaroli palepale, arudi Kimali, kwenye ng'ombe wa mdogo wake, safari hii na kicheko juu. Nikisema si kweli, dereva huyu hapa, mikono kiunoni. Nilimchukia dereva yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimchukia na mwalimu wangu, na macho yake ya kufumbafumba.

"Maneno ni hayo, mjomba," nilisema. "Lakini nadhani si matusi. Nadhani ni utani."

Watu wakaguna. Nilikuwa nimesema jambo zito bila kulipima. Utani kwetu una sheria zake. Babu hutaniana na mjukuu, binamu na binamu, na kabila hutaniana na kabila lililowahi kupigana nalo. Mtani wako anaweza kukuita mchawi mbele ya mama mkwe wako, anaweza kuja kwenye msiba wako akadai marehemu alimwachia mbuzi wako wote, na ukinuna wewe ndiwe mwenye kosa. Ila asiye mtani akisema nusu ya hayo, mnafikishana kwa wazee. Kwa hiyo swali halikuwa tena maana ya neno. Swali lilikuwa, nani kampa ruhusa?

Kijana mmoja akauliza utani wetu na Waingereza ulianza lini. Ungedhani ni swali la kuchekesha, lakini mjomba alilifikiri kwa makini, kama anavyofikiria mashine inayotoa mlio mpya. Akasema Waingereza walitutawala, tukavutana nao, wakaondoka. Akasema utani huzaliwa hapo hapo, watu wakishamaliza kuumizana. Kwa hiyo njia ipo, ila haijawahi kufunguliwa.

"Mtani hutaniwa naye," akasema. "Nitamrudishia. Akipokea, ni mtani. Akikasirika, basi muda wote alikuwa ananitukana, na mimi pa kwenda napajua."

Akaniambia nisimame karibu nitafsiri, nisipunguze hata punje.

Ukimya wa mashine ndio uliomtoa fundi ofisini. Alikuja mbio na uso mwekundu akiuliza maswali yaliyojaa maneno yale ambayo kamusi yangu haikuwa nayo. Mjomba alisimama mbele yake, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema kwa Kisukuma, polepole, kwamba fundi ni fisi aliyefukuzwa na fisi wenzake kwa uroho, na kwamba miguu yake ni ya kuku aliyenyonyolewa akatoroka kabla ya kuingia chunguni. Zamu yangu ikafika.

Sikujua tusi hata moja la Kiingereza. Shule haifundishi hayo, na yale machache ya fundi niliyoyaokota sikujua uzito wake. Nisingethubutu kuyatupa nisije nikaua mtu. Nilikuwa na Kiingereza kimoja tu, kile cha pasi. Basi nikaanza na "Sir". Nikasema, kwa sentensi kamili, kila kitenzi mahali pake, kwamba mjomba wangu anapenda kumfahamisha kwamba yeye ni fisi ambaye alifukuzwa na fisi wengine kutokana na uroho, na kwamba miguu yake inafanana na miguu ya kuku ambaye manyoya yake yameondolewa lakini ambaye alifanikiwa kutoroka. Sauti ilinitetemeka kwenye "ambaye" ya mwisho. Mwalimu wangu angenipa alama zote.

Fundi aliniomba nirudie. Nikarudia, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu sasa nilijua ninachosema. Aliitazama miguu yake. Alimtazama mjomba, ambaye alikuwa ameshika kifungo cha kwanza cha ovaroli, tayari kukifungua. Nilikiangalia kile kifungo tu.

Halafu fundi akakaa juu ya robota, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, akaomba maji kwa mkono. Alipopata pumzi alimmiminia mjomba maneno marefu ambayo nusu yake sikuyaelewa, na "daft old sod" ilikuwemo, nono kuliko siku zote. Mjomba hakusubiri tafsiri. Alimvua fundi kofia, kama mtani anavyonyakua kitu cha mtani wake, akaivaa yeye, akaenda kuwasha mashine. Nikamweleza fundi, kwa sentensi zangu zilizonyooka, kwamba kofia ile haitarudi mpaka aikomboe. Aliikomboa kwa soda za zamu nzima. Dereva naye alikunywa, na sikumnyima.

Ungedhani wasiwasi wangu uliishia hapo. Uligeuka tu sura. Sasa nilikuwa nabeba matusi kwenda na kurudi kutwa nzima, na kila lililopita mdomoni mwangu nililipima kama chumvi: je, hili halijazidi? Mjomba alikuja kazini na tusi jipya alilolitunga usiku, mkewe akimsaidia. Fundi naye aliniuliza kwa siri fisi anaitwaje kwa Kisukuma. Polepole nikaanza kuyasikia maneno yake kabla sijayafikiri. Nikajua kwamba akinyamaza kumtukana mtu, huyo mtu ajiangalie. Waliokuja kukagua mashine kutoka mjini aliwaita "sir" na "gentlemen", na wakishaondoka ndipo aliposema alivyowaona. Mtu aliyempenda alimtukana. Sikuona haja ya kumweleza mjomba jambo hilo. Alikuwa na macho yake.

Msimu uliofuata pamba ilikuwa nyingi na bei ya huko duniani, tuliambiwa, ilikuwa imeanguka. Malori ya rangi mpya yakapungua barabarani. Simu za kutoka mjini zikawa ndefu, na fundi alizipokea akiwa amefunga mlango. Minong'ono ilisema kampuni inataka kuhamisha mashine. Nilimwangalia fundi usoni kila asubuhi kutafuta jibu, lakini asubuhi zote alimwita mjomba mpumbavu kama kawaida, nami nikapumua mpaka kesho yake.

Kisha ikaja siku alipovaa suruali ndefu. Alituita ofisini, mjomba na mimi. Alimvutia mjomba kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwita "Mister" na jina la ukoo wake, alilolitamka vizuri, yaani alikuwa amelifanyia mazoezi. Mjomba alikaa kwenye ukingo wa kiti na mikono juu ya magoti. Fundi akatazama meza, akaanza kusema.

Alisema Kiingereza cha mwalimu wangu. Kila sentensi ilikuwa imenyooka. Alisema anasikitika, alisema kwa bahati mbaya, alisema kampuni inathamini sana huduma ambayo mzee ametoa. Tangu nifike kiwandani hapo sikuwahi kumwelewa namna ile, neno kwa neno mpaka nukta, bila kukisia hata moja, na nilikaa pale nikimwomba Mungu alete basi neno moja tu nisilolijua. Halikuja. Alipomaliza, alininyooshea mkono kuonyesha kwamba ni zamu yangu.

Nilimgeukia mjomba. Nilifungua mdomo, na alikuwa ameshainua kiganja kunizuia.

"Acha, mayu," alisema. "Leo hajanitukana."